Ghorofa la kuogopa majirani

Msomaji wangu, umewahi kulala jicho moja wazi? Basi wenzetu wa Smailholm, kusini mwa Scotland, ndiyo yalikuwa maisha yao. Hapo jirani na mpaka wa England, karibu na mwaka 1500, ukoo wa Pringle uliporomosha ghorofa la mawe juu ya jabali, urefu mita 20 hivi. Chini stoo, juu wenyewe. Mlinzi alikaa kule paani, mgongo kwenye dohani apate joto. Akisinzia tu, ng'ombe kwisha! Na wezi si wageni: leo unaibiwa, kesho unavuka kuiba. Mwaka 1603 nchi zote mbili zikapata mfalme mmoja, James, akawabana wezi. Kiti cha mlinzi kingalipo. Kuta nene zote zile, jamani, na usingizi hawakuupata!