Watoto Saba, Noah Moja na Mashimo ya Mbangala

Kila nikirudi kazini Jumatatu na viatu vyenye vumbi, wenzangu wa chumba cha habari huniuliza swali moja: "Pole, mlifiwa?" Nikisema hapana, linafuata la pili: "Basi mna shamba huko?" Nikiwaambia hatuna msiba wala shamba, tulikwenda kutembea tu na dada yangu, shemeji na watoto, wananitazama kama mtu aliyekopa hela akaenda kuzimwaga mtoni. Mmoja alinimaliza kabisa: "Hayo mambo ya wazungu bwana."

Hivi wadau, mtoto kukimbia porini kumekuwa jambo la wazungu tangu lini? Baba yangu alikuwa anachunga mbuzi akiwa na miaka saba. Alijua mti upi una asali na upi una nyoka. Hakuna aliyemwita mtalii. Sisi watoto wake ndio tuliosoma, tukahamia mjini, tukajenga ukuta, tukaweka geti, tukawasha katuni. Halafu mtoto huyo huyo akifika darasa la nne tunashangaa kwamba anaweza kuchora tembo lakini hajui mninga ukoje.

Dada na shemeji wanaishi Tunduma. Ambaye hajafika pale namwambia kwa kifupi: ni mji wa malori. Yanapanga foleni kuvuka kwenda Nakonde, Zambia, mengine yanaendelea mpaka Kongo, na yanayorudi yanakuja na shaba. Shemeji ni wakala wa forodha, kwa hiyo malori ndiyo ugali wao. Mtoto wao wa kati, miaka sita, anakutajia nchi ya lori kwa kuangalia namba tu. Kuna siku dada alimkuta yeye na wenzake wanacheza kati ya matairi ya lori lililosimama. Dereva alikuwa amelala. Dada hakuchapa mtu. Alirudi ndani, akakaa, na jioni akamwambia mumewe, "Baba watoto, hawa wanangu tuwe tunawatoa hapa kila likizo. Hata kama ni kwa kulala chini."

Ndivyo ilivyoanza. Tumekwenda Daraja la Mungu kule Kiwira. Tumepanda Ziwa Ngozi, mtoto mdogo akiwa mabegani kwangu karibu njia nzima (mgongo bado unanidai). Tumeingia mapango ya popo ya Songwe, tukatoka tunanuka wiki nzima. Hatulali hotelini. Mafuta tunachangia, chakula tunabeba, na siku zote tunatafuta mwenyeji. Kwenye mambo haya, usipokuwa na mwenyeji unatangatanga tu.

Likizo ya Juni 2024, mwenyeji alikuwa mwalimu aliyesoma na shemeji. Anafundisha shule ya msingi huko Mbangala, wilaya ya Songwe. Idi ya kuchinja iliangukia Jumatatu, Juni 17, tukapata siku tatu mfululizo. Walinipitia Mbalizi na Noah: dada, shemeji, jirani yao ambaye ni nesi na mwanawe wa miaka minane, watoto watatu wa dada, na mimi. Ukishaingia barabara ya Galula unaanza kushuka. Baridi ya Mbeya inabaki mgongoni, masweta yanavuliwa moja moja, na mbele unaona bonde la Rukwa limelala kwenye ukungu wa vumbi. Mibuyu inaanza. Tulisimama Mkwajuni kununua nyanya na mkate, na watoto wakataka kujua kama kweli kuna mikwaju. Ipo.

Mwalimu naye ana watoto watatu. Jumla saba. Mkubwa wake ana miaka kumi, mvulana mkimya, na asubuhi ya Jumapili tulipojipanga kwenda kutembea alikuwa tayari amesimama mbele ya wote na fimbo ndefu mkononi. Nilidhani ni mbwembwe za mwenyeji. Mwanzoni nilimtania kama mchungaji aliyepoteza ng'ombe.

"Mjomba," akaniambia kwa adabu, "usinipite mbele."

Nyasi za Juni ni ndefu na zimekauka, zinafika kiunoni kwa mtu mzima na zinammeza mtoto. Kijana alikuwa anazichoma na fimbo hatua kwa hatua, kulia na kushoto. Tulipofika sehemu yenye kichuguu cha udongo mweupe akanyoosha mkono, wote tukasimama. Akatuonyesha. Udongo ule mweupe haukuwa kichuguu, ulikuwa umetoka chini. Ukiona rundo la namna hiyo, alisema, shimo lipo jirani, tafuta kwanza lilipo ndipo upige hatua. Akatupa jiwe kwenye nyasi, mita mbili hivi kutoka alipokuwa amesimama dada yangu na mtoto mgongoni. Tulisubiri kusikia likigonga chini. Tulisubiri kidogo zaidi ya nilivyopenda.

Hayo ni maduara ya dhahabu yaliyoachwa. Wengi tunaposikia dhahabu tunafikiria Geita, lakini hii ni nchi ya Lupa, iliyokuwa yote Chunya ya mkoa wa Mbeya kabla ya mkoa wa Songwe kuanzishwa 2016. Miaka ya 1930 watu walimiminika huku, Wazungu kwa Waafrika, kuchekecha mchanga wa mito. Mgodi wa Saza ulifungwa miaka ya 1950. Mgodi mkubwa wa New Luika ulianza kutoa dhahabu 2012. Katikati ya wakubwa hao wapo wachimbaji wadogo, wanaochimba duara kwa sururu na tambo, mwamba ukikata wanahamia pengine. Sheria ya Madini ya 2010 na kanuni zake zinataka mchimbaji aliache eneo likiwa salama. Shimo tulilokuwa tunalisikiliza lilikuwa halijasoma sheria.

Mwalimu alisema kuna mwanafunzi wake aliyevunjika mguu akitafuta mbuzi. Mbuzi mwenyewe hakupatikana. Baada ya hapo akawafundisha wanawe fimbo, kama wewe unavyomfundisha wako kutazama kulia na kushoto kabla ya kuvuka barabara. Mtoto wa dada, yule wa malori, alisikiliza kwa makini kuliko anavyosikiliza shuleni. Kufika saa nne naye alikuwa na fimbo yake, na alikuwa anamkemea mama yake, "Mama, kanyaga nilipokanyaga mimi!"

Naomba nisieleweke vibaya, ilikuwa asubuhi nzuri sana. Watoto wa Mwalimu walipanda mkwaju mkubwa wakatuangushia matunda, wetu wakayala mpaka meno yakatia ganzi. Tuliokota mabuyu. Nesi akagundua kwamba binti wa pili wa Mwalimu, miaka minane, anajua majina ya miti mingi kuliko watu wazima wote tuliokuwepo, na anajua pia mti upi mama yake huchemsha kwa kikohozi. Walibishana kitaalamu kama madaktari wawili.

Shida ilikuja saa saba, kwenye kijito.

Jua lilikuwa kali na watoto walisikia maji kabla hatujayaona. Walikimbia. Mtoto wa dada tayari alikuwa ameshavua shati. Maji meupe, yanapita juu ya mchanga, kina hakifiki magotini. Yaani mtu ungetaka kuliweka kijito kwenye kalenda ungechagua kile. Mwalimu akapaza sauti ambayo nadhani huitumia paredi: "Hakuna kuingia!"

Shemeji akacheka. "Mwalimu, si maji haya? Mbona safi?"

"Juu kule kuna mialo," Mwalimu akajibu. "Na plenti ya marudio."

Kwa wasiojua: jiwe la dhahabu linasagwa kwenye karasha, unga wake unaoshwa kwenye mwalo, halafu mchimbaji anaukanda na zebaki, ambayo wenyewe wanaiita mekyuri. Zebaki ni metali ya majimaji, inashikana na chembe za dhahabu inakuwa donge. Donge linachomwa, zebaki inapaa kama mvuke, dhahabu inabaki. Mvuke hauna harufu. Inayomwagika inaingia kwenye maji, na kwenye matope vijidudu vinaigeuza kuwa aina mbaya zaidi, inayojikusanya kwenye samaki. Inashambulia ubongo na mishipa ya fahamu, na wanaoumia zaidi ni watoto na mimba. Dunia ilijifunza hilo kwa uchungu Minamata, Japani, mwaka 1956, na mkataba wa kimataifa wa zebaki wa 2013 unabeba jina la mji huo.

Haya yote nilikuwa nayajua. Nimeshaandika habari za zebaki, maneno mia nne, ukurasa wa ndani, ofisa akishauri wananchi waelimishwe. Ila habari ya gazetini haina jua la saa saba, na haina watoto saba wamepanga mstari ukingoni wanayatazama maji.

Ndipo yule binti wa miaka minane, bila kulalamika, kama anayetaja jambo la kawaida tu, akawaambia wenzake: "Zamani sisi tulikuwa tunaogelea hapa. Kabla hatujaambiwa."

Nesi akamtazama Mwalimu. Mwalimu akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Tulirudi. Watoto walimwagiana maji ya bomba la kisima shuleni, zamu kwa zamu, kopo moja kila mmoja, na kwa kelele zao ungedhani wako baharini. Jioni walikula kuku, wakalala wote saba kwenye mkeka mmoja uani kwanza ili wahesabu nyota. Taa za mji hazifiki kule. Wale wa Tunduma hawakuwa wanajua kwamba nyota ni nyingi kiasi hicho, na mdogo kabisa aliuliza nani ameziwasha. Walihamishwa ndani wakiwa usingizini.

Watu wazima tulibaki na moto. Mwalimu akaongea bila kuulizwa. Alihamia Mbangala 2017. Kwa karibu miaka miwili wanawe walioga kwenye kijito kile kila jua likiwaka, mpaka watu wa afya walipokuja kufanya mkutano shuleni. Binti ana afya, darasani ni wa tatu. Lakini kipimo cha kujua kama kuna kitu kimebaki mwilini hakipo kwenye zahanati. Nesi alimweleza taratibu kwamba mwili hutoa sehemu kubwa ya zebaki kadiri muda unavyopita, na dalili za kuangalia ni zipi. Alikuwa mkweli, hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mke wa Mwalimu, tuliyekuwa tunamwita Mama Mwalimu, alisikiliza kila neno kisha akasema yeye ameshaandika barua ya uhamisho mara mbili, na mara mbili mumewe hajaipeleka.

"Shem, hama," shemeji akasema. "Watoto kwanza."

"Nikihamisha watatu wangu," Mwalimu akajibu, "sitini wa darasani kwangu anawahamisha nani?"

Mama Mwalimu akasema hilo jibu analijua, ameshalala nalo miaka mitano. Akaingia ndani. Dada yangu akamfuata, wakakaa huko muda mrefu. Mimi na kalamu yangu yote sikuwa na la kuongeza. Sijui hata leo ningekuwa upande wa nani, na nimelifikiria sana.

Jumatatu tukaondoka mapema. Kwa kuwa njia ya Tunduma inapita Mlowo, tulikata kwenda Ndolezi kuwaonyesha watoto Kimondo cha Mbozi, lile bonge la chuma lililotoka angani na kujulikana kwa wageni mwaka 1930. Tani 12 kwa hesabu iliyozoeleka. Mtaalamu wetu wa malori alilizunguka mara mbili, akatoa ripoti: "Lori moja linabeba mawili, nafasi inabaki."

Desemba ile tuliwaalika watoto wa Mwalimu. Dada hakutaka waje kukaa kwenye foleni ya malori, kwa hiyo tulikwenda wote Kitulo, hifadhi iliyotangazwa 2005 kwa ajili ya maua yake, ile watu wanayoiita Bustani ya Mungu. Mama Mwalimu alikuwa amenunua masweta ya mitumba Mbalizi, makubwa kuliko watoto wenyewe. Baridi kule juu si ya mchezo, mvua ilitunyeshea, Noah ilikwama mara moja tukaisukuma. Maua yalikuwepo mpaka yanachosha macho: meupe, ya njano, ya zambarau.

Yule kijana wa miaka kumi alishuka kwenye gari na fimbo yake. Alikuwa ameibeba tangu Mbangala, chini ya miguu ya abiria, safari yote. Akapita mbele ya wenzake sita, akaanza kuchoma nyasi kulia, kushoto. Dada akamwita, "Baba, huku hakuna mashimo. Kimbia tu."

"Sawa, mama," akaitikia. Akaendelea kuchoma.