Nilisema Ni Ndoto Tu

Nimekosa, na kosa langu nililifanya mbele ya watoto. Niliwafasiria filamu vibaya kwa makusudi, nikaweka uamuzi wangu mahali ambapo mtunzi aliacha wazi, na mtoto mmoja akaumia. Nayaandika haya kwa sababu hapa Goma tuko wengi tunaowaonyesha watoto filamu za Kifaransa huku tukizifasiri Kiswahili papo kwa papo, na najua si mimi peke yangu niliyefanya hivyo.

Ilikuwa mwaka 2023, mtaani Ndosho. Kambi za Bulengo na Kanyaruchinya zilikuwa zimefurika watu waliokimbia vita, wengine wakapokelewa na ndugu zao mjini, kwa hiyo kila parseli ilijaa watoto. Jioni tulitundika shuka ukutani, projekta ikawashwa, nami nikashika maikrofoni. Filamu ilikuwa katuni ya Mjapani Hayao Miyazaki ya mwaka 1988, ambayo huku tunaijua kwa jina la Kifaransa, Mon voisin Totoro.

Satsuki na mdogo wake Mei wamehamia shamba pamoja na baba yao, huku mama yao amelazwa hospitalini. Wanakutana na Totoro, kiumbe mkubwa wa msituni ambaye watu wazima hawamwoni. Anawapa mbegu. Wanazipanda, wanangoja, hazioti. Usiku mmoja wamelala ndani ya chandarua, wanaamka na kumwona Totoro na wenzake wadogo wakilizunguka tuta lao. Wanatoka nje, wanainama na kunyoosha mikono juu pamoja nao, na mbegu zinachipuka, zinapanda, zinakuwa mti unaoifunika nyumba. Kisha Totoro anawabeba kifuani na kuruka nao juu ya mashamba. Kunapokucha mti haupo, lakini kwenye tuta miche imetoka kweli. Wasichana wanarukaruka kwa furaha na kusema kwa pumzi moja kwamba ilikuwa ndoto, na kwamba haikuwa ndoto.

Maneno hayo sikuyafasiri. Nilisema hivi: "Munaona, watoto, walikuwa wanaota tu."

Niliogopa. Katika nchi yetu, Kongo, mtoto akisimulia asubuhi kwamba usiku ameruka angani, wako watu wazima watakaomwita mchawi. Wako watoto waliofukuzwa nyumbani kwa neno kama hilo, na wengine wamepelekwa kwenye maombi wakanyimwa chakula mpaka wakiri. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumtuhumu mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 imeweka adhabu. Lakini jioni ile hakuna aliyekuwa akifikiria Katiba. Mama mmoja aliyesimama mlangoni alikuwa amekwisha kunong'ona kwamba mnyama yule ni shetani, nami nikataka neno hilo life kabla halijafika kwenye nyumba za watu. Sijutii kuogopa. Ninajutia kwamba hofu ya mtu mzima niliiponya kwa kuwadanganya watoto.

Filamu ikaendelea. Mei anaondoka peke yake kwa miguu, amekumbatia hindi la kumpelekea mama, anapotea. Totoro anamwita paka mwenye umbo la basi, basi lile linampata Mei na kuwafikisha dada hao wote wawili hospitalini. Wamekaa juu ya tawi nje ya dirisha, wanamwona mama yao akizungumza na baba na kucheka. Kumbe safari hii mama alishikwa na mafua tu. Kisha wazazi wanaona hindi dirishani, limechorwa kwenye ganda kwamba ni la mama.

Mvulana mdogo aliyekaa mbele akageuka. "Tonton, na ile mahindi ni ndoto?"

Nilikuwa nimekwisha kujifunga kwa maneno yangu. Nikasema ndiyo, yote ni ndoto.

"Na mama yao kupona?"

Hilo sikulijibu. Nilijifanya nashughulika na nyaya.

Baadaye shangazi yake alikuja kwangu. Mama wa mtoto yule alikuwa amelazwa, na tangu usiku wa filamu mtoto alikataa kwenda kumwona. Alisema mama hatapona, Tonton amesema.

Niliitazama tena filamu ile nikiwa peke yangu, na nikaona nilichoharibu. Miyazaki mwenyewe alikua huku mama yake akiugua kifua kikuu cha uti wa mgongo kwa miaka mingi. Miche na hindi vimewekwa pale ili mtoto aliyepewa usiku wa ajabu asinyang'anywe wote asubuhi. Watunzi wengine wamefanya vivyo hivyo. Katika Dumbo ya mwaka 1941, tembo mdogo anakunywa maji yaliyomwagikiwa shampeni na kuona tembo wa rangi ya waridi wakicheza, mambo ambayo kila mtu atayaita njozi za ulevi; lakini asubuhi anaamka juu ya mti, na aliyepanda huko kwa kuruka ni yeye. Ukisema "ni ulevi tu," umewaficha watoto kwamba Dumbo ana uwezo wa kuruka. Wako pia watu wazima waliomgeuza Totoro kuwa mungu wa kifo na wasichana wale kuwa maiti, uvumi ulioenea hata studio ya Ghibli, iliyoitengeneza filamu hiyo, ikaukanusha mwaka 2007. Mimi sikufika huko, ila njia niliyoishika ni hiyohiyo.

Nilikwenda kwa shangazi. Nikamwambia mtoto mbele yake kwamba maneno yale yalikuwa yangu, si ya filamu, na kwamba nilikosea. Nikamfasiria walichosema Satsuki na Mei. Akauliza tena habari za hindi, nami nikamwuliza yeye anaonaje. Akasema Mei ndiye aliyeliweka. Akakubali kwenda hospitali.

Ninyi mnaoshika maikrofoni Birere, Majengo, Katindo na kwingineko: fasirini walichosema wahusika, msiongeze hukumu. Mtoto akiuliza kama ni ndoto, mwulizeni kwanza yeye ameona nini. Na mzazi akianza kunong'ona habari za uchawi, mchukueni pembeni, mzungumze naye kwa heshima, mumtajie kifungu cha 41. Mazungumzo hayo ni ya watu wazima, na mimi niliyakwepa.