Bushi Mbili

Nilipomwomba Mhariri nafasi katika gazeti letu nilikusudia kuandika juu ya motokaa tu. Lakini nilipoishika kalamu niliona siwezi kueleza jinsi gari linavyokata kona bila kueleza na kosa langu mwenyewe. Mjomba amenipa ruhusa, basi nitaeleza yote mawili.

Mjomba wangu ana Noah kuukuu, ya zile zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma. Kwa gari hilo huchukua abiria na magunia kati ya Kitandililo na Makambako. Makambako, kama mjuavyo, ni njia panda: barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia hukutana pale na ile iendayo Njombe na Songea. Hizo ni barabara za lami. Njia anayopita Mjomba ni ya udongo, na wakati wa mvua huteleza kama sabuni.

Mwaka jana, mwezi wa Januari, Mjomba alianza kulalamika kwamba gari lake linatikisa mkia. Penye njia iliyonyooka halikuwa na neno, lakini kwenye kona nyuma ilichelewa kidogo, kisha ikafuata kwa kushtuka, kama mbuzi anayevutwa kamba. Tukalipeleka kwa fundi. Fundi akalala chini ya gari, akaniita nami nikaingia.

"Tazama, kijana," alisema. "Hizi springi za duara kazi yake ni kubeba. Hupanda na kushuka, lakini haziwezi kuishika ekseli isiende kushoto wala kulia. Kwenye lori springi za majani zimefungwa mbele na nyuma, kwa hiyo zenyewe hubeba na zenyewe hushika. Katika gari hili anayeshika ni huyu."

Akagonga kwa spana fimbo ya chuma iliyokingama toka ubavu mmoja hadi wa pili. Ncha moja imefungwa kwenye ekseli, na ncha nyingine kwenye bodi. Vitabuni huitwa fimbo ya Panhard, kwa jina la kiwanda cha zamani cha motokaa cha Ufaransa. Kila ncha ina bushi, yaani mpira mgumu uliomo ndani ya pete ya chuma. Bushi za Mjomba zilikuwa zimeliwa. Fundi aliingiza bisibisi, akaichezesha ile fimbo kama jino bovu.

Akanifafanulia zaidi. Gari likikata kona, mwili wake hutaka kuendelea mbele moja kwa moja. Uzito huegemea magurudumu ya nje, na matairi peke yake ndiyo yanayolivuta liingie katika kona. Ekseli ikiwa imeshikwa barabara, nyuma hufuata mbele saa ile ile. Lakini fimbo ikiwa na nafasi, ekseli husogea kwanza bila kuzuiwa, kisha hugota ghafla. Katika matope, mgoto huo unatosha kulitoa tairi katika njia yake.

Fundi wetu hupenda sana habari za mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Alinisimulia habari za Bert Shankland na Chris Rothwell wa Tanzania, walioshinda mwaka 1966 na tena mwaka 1967 kwa Peugeot 404. Gari lile nalo lilikuwa na springi za duara nyuma, na fimbo ya kukingama kama ya Mjomba. Mwaka 1970 ikashinda Datsun 1600 SSS, ambayo kila gurudumu lake la nyuma lilikuwa na mkono wake, likipanda na kushuka bila kulisumbua jenzake.

"Watu husifu miguu ya dereva kwa kukanyaga mafuta," alisema fundi, "lakini hawaulizi nani aliyekaza bolti za nyuma. Nenda Makambako ununue bushi mbili. Usininunulie zile zilizochongwa kwa tairi kuukuu. Tairi si bushi."

Mjomba akanipa shilingi 20,000. Hapa ndipo penye kosa langu. Timu yetu ilikuwa ikijiandaa kwa mechi, nami nilikuwa sina viatu vya mpira. Dukani bushi halisi mbili ziliuzwa shilingi 18,000. Nje, chini ya mti, mtu aliuza za kuchonga kwa tairi, mbili kwa shilingi 4,000. Kwa macho zilifanana. Nilinunua hizo, na kwa fedha iliyobaki nikanunua viatu vya mtumba. Niliporudi fundi alikuwa amesafiri, na kijana wake akazifunga bila kuuliza.

Siku ya tisa mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi Mjomba alimchukua Bibi kumpeleka Makambako kutazamwa macho, nami nilikuwamo, nimeketi nyuma karibu na magunia ya viazi. Tulipofika kwenye kona ile ya mteremko, Mjomba alipunguza mwendo kama kawaida yake. Mbele iliingia vizuri. Nyuma ikakataa. Nikasikia "ko!" chini ya miguu yangu, kisha mkia ukatupwa upande, gari likagonga ukingo wa udongo na kusimama. Gunia moja likaanguka juu ya mkono wa Bibi. Kidole chake kimoja kilivunjika.

Hakufa mtu, na kwa hilo namshukuru Mungu. Lakini nyumbani lawama zote zilimwangukia Mjomba. Shangazi alisema anaendesha kama kichaa. Abiria wawili wa kila wiki wakahamia gari jingine. Mjomba mwenyewe alianza kusema, "Labda nazeeka." Mimi nilikuwa nikila naye sahani moja, nami nilinyamaza kwa wiki tatu. Viatu nilivificha chini ya kitanda. Siku ya mechi sikuvivaa, nikasema mguu unaniuma.

Fundi aliporudi alilala tena chini ya gari. Alitoka na kipande cha mpira kiganjani, kimepasuka katikati, nyuzi za tairi zikionekana. Hakumtazama Mjomba. Alinitazama mimi.

"Mjomba," nikasema, "wewe huna kosa. Ni mimi." Nikaeleza yote, hata habari ya viatu.

Mjomba alikaa kimya muda mrefu. Nilitamani anichape. Mwishowe akasema, "Twende kwa Bibi ukamwambie mwenyewe." Tukaenda. Nilipomaliza, Bibi aliutazama mkono wake uliofungwa, akasema, "Kidole kitapona, mwanangu. Nenda na kwa shangazi yako." Kwenda kwa Shangazi kulikuwa kugumu zaidi, lakini nilikwenda.

Viatu niliviuza. Fedha haikutosha, nikaifidia kwa kupakia magunia wakati wa likizo. Tulinunua bushi halisi, pamoja na shokapu mbili za nyuma, maana za zamani zilivuja mafuta. Shokapu huizuia springi isirukeruke, ili tairi lisiache ardhi penye makorongo. Fundi aliniamuru nifunge bushi mwenyewe. Alinifundisha kwamba bolti zake hazikazwi kabisa gari likiwa juu ya jeki, ila magurudumu yakiwa yamekanyaga chini, kwa sababu mpira ukikazwa huku umejipinda huchanika mapema.

Nilimwuliza kama tuongeze pia chuma kinene cha stabilaiza, kile kinachounganisha gurudumu la kulia na la kushoto ili gari lisilale sana kwenye kona. Alicheka. "Dawa ikizidi ni sumu. Ukikaza nyuma kupita kiasi, gurudumu la ndani litainuka na mkia utateleza upesi zaidi. Rudisha kwanza kilichokuwapo."

Tukaenda kuijaribu kona ile ile. Mjomba aliingia kwa mwendo wake wa siku zote, na nyuma ikafuata mbele kama uzi unavyoifuata sindano. Hakusema neno. Alilipapasa usukani, na tangu siku hiyo sijamsikia tena akisema kwamba anazeeka.

Ndugu wanafunzi, na ninyi wazazi mnaosafiri, mkiona nyuma ya gari inachelewa kwenye kona, msimlaumu dereva kabla fundi hajatazama chini. Na wewe kijana uliyetumwa dukani, kumbuka kwamba hakuna abiria anayeiona bushi. Yeye hupanda tu na kuketi, akiamini kwamba aliyetumwa amenunua alichoagizwa.