Nani Alitufundisha Kunyamaza?

Mwezi uliopita mama yangu alikuja Dar es Salaam kutoka Kipatimu, katika vilima vya Umatumbi, kwa ajili ya kupimwa shinikizo la damu. Kati ya miadi ya kwanza na ya pili alitakiwa kusubiri wiki nne. Ili asichoke kukaa ndani, niliamua kumwonjesha burudani za mji. Tulikwenda chuoni kutazama mchezo wa kuigiza, tukakaa jioni nyingi mbele ya runinga, na mwishoni tukahudhuria harusi huko Mbagala, yenye kikundi cha taarabu. Nilidhani kuwa mimi ndiye ninayemwonyesha mambo. Mwezi ulipokwisha, yeye ndiye aliyekuwa amenionyesha jambo ambalo nimelihubiri darasani kwa miaka mingi bila kulielewa sawasawa.

Nianze na kosa langu.

Mchezo tuliokwenda kuutazama ulikuwa Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, uliochapishwa mwaka 1969 na ambao vizazi vya wanafunzi wameusoma kwa ajili ya mitihani. Kwa wanafunzi waliouigiza jioni ile, Vita vya Maji Maji ni sura ya kitabu. Kwa mama ni habari za nyumbani. Ni katika vilima hivyo vya Umatumbi, huko Nandete, mwezi Julai 1905, ambako watu waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima, na vita vikaanza. Kinjeketile mwenyewe alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro mwezi uliofuata, lakini mapigano yaliendelea hadi 1907, na njaa iliyoletwa na kuchomwa kwa mashamba na maghala iliua watu wengi kuliko risasi. Bibi yake mama alikuwa mtoto mdogo wakati huo. Aliwasimulia wajukuu wake jinsi watu walivyoshinda porini wakichimba ming'oko, na jinsi majina ya waliokufa njiani yalivyogawiwa watoto waliozaliwa baadaye ili yasipotee.

Mchezo unaanza na wanawake wanaozungumzia uhaba wa chakula. Tulikuwa tumeketi safu ya pili. Mwigizaji mmoja alipolalamika kuwa nyumbani hakuna kitu, mama akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyepita uani kwa jirani: "Poleni, wanangu. Njaa haina adabu."

Ukumbi ukageuka. Wanafunzi wachache wakacheka. Mwigizaji naye akasita kidogo, kisha akaendelea. Nami, mwenye shahada ya uzamivu, ninayelipwa mshahara kufundisha ushiriki wa wananchi katika maamuzi ya umma, nikaubana mkono wa mama yangu na kumnong'oneza: "Mama, huku tunasikiliza tu."

Akanyamaza. Mwishoni Kinjeketile, akiwa amefungwa na kupigwa, anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo, na anakataa kwa sababu anajua kuwa neno hilo litatumiwa dhidi ya watoto ambao bado hawajazaliwa. Hapo niligeuka kumtazama mama. Midomo yake ilikuwa inacheza, lakini sauti haikutoka. Alikuwa anajibu, ila alikuwa anajibu kwa adabu niliyomfundisha mimi.

Tulipokuwa njiani kurudi nyumbani aliniuliza: "Kumbe kule hatujibu?"

Nikamweleza kuwa ndio utaratibu wa ukumbi.

"Sasa wale watoto watajuaje kama tumewasikia?"

Sikuwa na jibu, na swali hilo nimekaa nalo mwezi mzima. Mama amekulia katika sanaa isiyoweza kuendelea bila hadhira kujibu. Fanani husema "Paukwa!" na kama hakuna aliyesema "Pakawa!" hadithi haianzi. Huo ni mkataba. Msimulizi anaomba ruhusa, wasikilizaji wanampa, na kwa kumpa wanakuwa na haki ya kuuliza, kukosoa na kumkumbusha alipokosea. Ukumbi wenye giza, viti vilivyopangwa safu safu na hadhira inayosubiri mwisho ndipo ipige makofi ni desturi iliyotufikia kupitia shule na vilabu vya wakoloni, nasi tukaipokea kama ndiyo maana ya ustaarabu.

Wataalamu wetu wa sanaa za maonyesho waliliona jambo hili mapema. Hussein mwenyewe, baada ya Kinjeketile, aligeukia umbo la usimulizi katika Ngao ya Jadi na Jogoo Kijijini, zilizochapishwa pamoja mwaka 1976. Mnamo 1982 na 1983 Penina Mlama, Amandina Lihamba na wenzao walikwenda Malya, mkoani Mwanza, wakafanya kazi na wanakijiji kuandaa michezo iliyohusu matatizo yao wenyewe, yakiwemo mimba za wasichana wa shule. Pale igizo lilikuwa mwanzo wa mazungumzo, na aliyeketi chini ya mti alikuwa na haki ya kusema sawa na aliyesimama katikati. Nimewahi kuwatajia wanafunzi wangu mradi huo kama mfano mzuri. Kisha mfano huo ukaja kuketi karibu yangu safu ya pili, nami nikauziba mdomo.

Msomaji atasema kuwa mwigizaji anahitaji utulivu. Nakubali. Hata fanani kijijini humkemea anayepiga kelele. Lakini kuna kimya cha mtu anayesikiliza ili ajibu, na kuna kimya cha mtu aliyeambiwa kuwa jibu lake halihitajiki. Kwa nje vinafanana, na mwenye madaraka anaweza kuvichanganya, kwa bahati mbaya au kwa makusudi.

Jioni zilizofuata tulikuwa nyumbani na runinga. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari mwaka 1994 runinga ilipoanza Tanzania Bara, miaka 21 baada ya Zanzibar iliyoanza mwaka 1973. Mtaa wetu ulikuwa na seti moja, nasi tuliketi sakafuni sebuleni kwa mwenye nyumba, watu wazima wakibishana na mtangazaji kana kwamba yumo humo chumbani. Katika vibanda vya video mambo yalikuwa makubwa zaidi. Filamu ilitoka ng'ambo, lakini mfasiri aliyeshika kipaza sauti aliwapa wahusika majina ya mitaa yetu, akawacheka, akawaonya, na sisi tukamjibu. Hatukujua lugha ya filamu ile, lakini hatukuwahi kuwa watazamaji tu.

Sasa nyumbani kwangu kila mtu ana simu yake. Watoto huvaa vipokea sauti masikioni na kila mmoja hucheka peke yake. Mama alibaki na runinga na tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili. Alimshauri mke mdogo, akamlaani waziri mfitini, akamwonya mtoto wa mfalme asinywe kile kikombe. Siku moja binti yangu mwenye miaka tisa akamwambia kwa upole: "Bibi, hawakusikii."

"Najua hawanisikii," akajibu. "Ninazungumza na ninyi."

Nilikuwa nasahihisha mitihani mezani. Nikaiweka kalamu chini. Nilikuwa nimedhani kwamba mama hutoa sauti kwa sababu hajui tofauti ya kioo na dirisha. Yeye anaijua vizuri. Anamjibu waziri mfitini ili mjukuu wake ajue fitina inafananaje na ili mimi niinue kichwa. Wiki ya kwanza nilikuwa nimemnyamazisha nikidhani anawasumbua waigizaji, kumbe alikuwa anatafuta kuzungumza na mimi juu ya njaa ya bibi yake, nami nikakataa kuzungumza.

Nikakumbuka pia Bunge. Kuna miaka ambapo vikao vilirushwa moja kwa moja na runinga ya taifa, na katika vijiwe vya kahawa watu walimsahihisha mbunge wao kabla hajaketi. Januari 2016 serikali ilitangaza kwamba matangazo hayo ya moja kwa moja yangepunguzwa, kwa maelezo kuwa gharama zake ni kubwa, na kwamba wananchi wangeandaliwa kipindi cha kurekodiwa usiku. Mjadala wa wakati ule ulihusu haki ya kupata habari, na ulistahili. Ila kuna hasara nyingine ambayo sikuiona hadi mwezi huu. Matangazo ya moja kwa moja yaliwaketisha watu pamoja saa moja, penye gumzo moja. Mtu anayetazama kipande kilichokatwa, peke yake, usiku, anaweza kukasirika sana, lakini jirani yake hayupo pale kumwambia "unakosea" au "uko sahihi."

Ikaja harusi ya Mbagala. Wasomi wengi wa rika langu huizungumzia taarabu kwa tabasamu la dharau, kwamba ni mipasho na mashindano ya mavazi. Tunasahau ilikotoka. Siti binti Saad, aliyefariki mwaka 1950, aliiimba kwa Kiswahili wakati Kiarabu ndicho kilichokuwa na heshima ya ikulu. Mwaka 1928 sauti yake ilirekodiwa Bombay. Katika nyimbo zake yalikuwemo madhila ya wanawake na kesi za mahakamani. Wimbo wake wa Kijiti ulihusu mauaji ya mwanamke ambamo mtuhumiwa alitoroka, na habari ambayo ingezikwa katika jalada la mahakama ikabaki midomoni mwa watu hadi leo.

Kwenye taarabu hadhira ina kazi. Beti likimgusa mtu, anainuka, anapita katikati ya ukumbi akicheza taratibu na noti mkononi, anakwenda kumtunza mwimbaji. Wote wanaona nani ameinuka na kwa beti lipi. Ni kama kupiga kura ya wazi kwa mwendo wa madaha. Usiku ule mwimbaji alipofika kwenye beti lililohusu mwana msahaulifu, mama yangu wa miaka sabini na minne aliinuka na noti ya shilingi elfu mbili, akapita mbele ya meza yangu bila haraka, akatunza, akarudi, akaketi. Watu wa meza ile walicheka hadi wakafuta machozi. Nami nilicheka, nikajua nimejibiwa kwa kile kitendo cha kumbana mkono.

Ningeweza kuishia hapo, na makala haya yangekuwa ya sanaa tu. Lakini katika mwezi huohuo nilihudhuria kikao kimoja cha kikazi. Mwenyekiti alisoma utaratibu mpya ambao, kwa tafsiri yangu, ungewazuia kufanya mitihani wanafunzi wasiokamilisha malipo kwa tarehe fulani, hata wale ambao mikopo yao imechelewa bila kosa lao. Nilikuwa nimeandika hoja tatu kwenye daftari. Mwenyekiti akauliza: "Kuna mwenye maoni?" Tulikuwa watu wapatao ishirini. Feni ndiyo iliyosikika. Akasema "Ahsanteni," na muhtasari ukaandikwa kuwa wajumbe waliafiki. Nje, kwenye korido, kila mtu alikuwa na la kusema.

Ibara ya 18 ya Katiba yetu inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kuyaeleza. Ibara ya 21 inampa kila raia haki ya kushiriki kwa ukamilifu katika maamuzi yanayomhusu. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inautambua Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani mkusanyiko wa wakazi wote watu wazima, kuwa mamlaka ya juu kijijini. Maneno yapo, na ninayafundisha. Lakini raia anayetakiwa kuyatumia ni yule tuliyemfundisha tangu darasa la kwanza kuwa mtoto mzuri ni aliyefunga mdomo, tukamfundisha ukumbini kuwa mtazamaji mstaarabu ni aliyekaa gizani, kisha tunamgeukia kikaoni na kumuuliza, akiwa na miaka arobaini, kama ana maoni. Sikatai kwamba woga wetu una sababu. Wako watu waliolipa kwa kusema, na wanaharakati wanaosoma hapa hawahitaji kukumbushwa. Ninachosema ni kwamba pale kikaoni hakuna aliyenitisha. Mkono uliobana mkono wangu ulikuwa wangu mwenyewe. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi kama mwalimu wa utawala ningependa tusikilizane kabla ya mshindo.

Nimemwandikia mwenyekiti barua yenye zile hoja tatu, na nakala nimewapa wajumbe wenzangu. Sijajibiwa. Wenzangu wawili wamenipigia simu kuniunga mkono, na mmoja amenipinga kwa hoja nzuri ambayo ningeisikia kikaoni kama ningesema.

Mama amerudi Kipatimu na dawa zake. Wanafunzi wanakusudia kuuonyesha mchezo tena muhula ujao, na nilipompigia simu kumkaribisha, aliuliza kwanza habari za binti yangu, kisha nauli ya basi, kisha akauliza kama safari hii ataruhusiwa kujibu. Nilimwambia ndiyo. Akasema basi atakuja na dada yake, maana huyo ndiye anayeyakumbuka majina yote.