Hesabu ya Darasa

Jina la Nyundo, katika wilaya ya Rubavu nchini Rwanda, hutukumbusha sisi Waswahili chombo cha fundi. Lakini kabla ya nyundo kupigwa, yafaa ardhi yenyewe ichunguzwe. Mahali hapo hupita mto Sebeya, na volkano ya Nyiragongo haiko mbali. Volkano hiyo ilipolipuka mwezi Mei 2021, matetemeko yaliyofuata yalipasua kuta nyingi wilayani. Mei 2023, mvua kubwa ya usiku mmoja ilifurisha Sebeya. Siku hizo mafuriko na maporomoko yaliua watu zaidi ya 130 nchini.

Mwaka 2020 Rwanda ilianza kujenga madarasa zaidi ya 22,000. Fedha zilitoka serikalini, zikiwamo za mkopo wa Benki ya Dunia, na wananchi wakatoa nguvu zao kwa umuganda, ambao sisi twauita msaragambo. Juhudi hiyo yastahili sifa, kwani ilikusudiwa kupunguza msongamano madarasani na mwendo mrefu wa watoto.

Hata hivyo, sisi walimu twauliza: je, katika bei ya darasa umo mfereji wa maji, ukuta wa kushikilia udongo, nondo za kutosha na fungu la matengenezo? Haya ndiyo hufutwa upesi fedha zinapopungua. Wahenga walituonya juu ya ufa na ukuta. Mwalimu, ajuaye maji hupita wapi, na aulizwe kabla ramani haijachorwa. Maana ndiye atakayekuwa humo na watoto mvua ikinyesha.