Breki za Gari Linaloshuka Mwaloni

Goziba ni kisiwa cha wavuvi, na maisha yake yanategemea mtumbwi na mashine. Lakini kila kinachovuka kwenda huko, iwe barafu, petroli, unga au bati za kuezekea, kimeshuka kwanza mlima upande wa bara, mgongoni mwa Land Cruiser kuukuu au Land Rover yenye umri mkubwa kuliko dereva wake. Mimi ni fundi wa magari hayo hapa Muleba. Nimefunga injini na giaboksi nyingi, ila kazi ninayoifanya kwa moyo wote ni breki, na ugumu wake unaanzia dukani, kabla spana haijaguswa.

Watu wakifikiria mzigo wa ziwani hufikiria sangara na dagaa. Hao wanapanda, na gari linalopanda linachosha injini na klachi. Mzigo unaomaliza breki ni ule unaoshuka kwenda mwaloni, mitumbwi inakopakia. Pipa la petroli la lita 200 lina kama kilo 170 pamoja na chuma chake. Pakia matano, ongeza barafu na watu waliodandia nyuma, gari limefika tani 3. Tani 3 zikishuka mita 200 hadi usawa wa ziwa, na kazi yote ikiachiwa breki, joto linalotoka linatosha kuchemsha karibu debe zima la maji. Gia namba mbili itapunguza sehemu ya joto hilo. Linalobaki linaingia kwenye vipande vichache vya lainingi ambavyo kimoja kinaenea kiganjani. Ndiyo maana mtu akiniuliza nimfungie spea gani, namuuliza kwanza gari lake linashuka na nini.

Jina la gari halitoshi. Ukifika dukani ukasema "nipe pedi za Land Cruiser mkonga", utapewa kitu, na huenda kikaingia. Land Cruiser za familia ya 70 zilianza kutengenezwa 1984, na tangu hapo kalipa, diski na eksili zimebadilika huku bodi ikibaki karibu ileile machoni. Land Rover 109 ya Series III ina dramu za inchi 11 magurudumu yote manne, mbele silinda mbili kila gurudumu, nyuma moja. 110 iliyoanza 1983 ikaja na diski mbele. Juu ya hayo, magari yetu yamepita mikono mingi. Nakuta eksili ya gari moja chini ya chesesi ya lingine, na kibati cha namba kinasema hiki wakati gurudumu linasema kile. Kwa hiyo nafungua magurudumu yote, nasoma kibati, napima kwa venia, ndipo namtuma kijana dukani akiwa na spea ya zamani mkononi. Kama spea inatoka Mwanza, au soko la Kisekka kule Kampala, spea ile ya zamani inapanda basi.

Lainingi nzuri ina maandishi pembeni. Ukiisafisha kwa kitambaa utaona mstari wa namba, na mwisho wake herufi mbili: EE, FF, GG. Ya kwanza inaeleza ukamataji wa lainingi ikiwa bado haijapata moto, ya pili ikiwa imechemka. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F inakwenda hadi 0.45, G hadi 0.55. Kwa gari la mwaloni naitazama zaidi ile ya pili. Pedi ya FE inakamata vizuri mjini, kisha katikati ya mteremko dereva anakanyaga kwa nguvu zote na gari linaendelea kwenda. Sishuki chini ya FF. Kwenye diski nachagua pedi zenye chembe za chuma kwa sababu zinastahimili moto, ingawa zinakula diski, diski tutabadilisha. Herufi peke yake haihakikishi uimara, na mwenye kughushi anaweza kuiandika pia. Hivyo nakwaruza ukingo kwa ncha ya bisibisi: pedi inayomeguka kama udongo mkavu nairudisha ndani ya boksi lake.

Dramu ndiyo inayodharauliwa, na mimi hapo ndipo ninapokaa muda mrefu. Dramu ya nyuma ya Land Cruiser 60 ni milimita 295 ikiwa mpya, na mwisho wake ni 297. Ikipita hapo, shuu mpya ya bei yoyote itagusa katikati tu. Napaka chaki ndani ya dramu, naegemeza shuu, nasugua kwa mkono. Chaki ikifutika sehemu moja, duara la shuu na la dramu hayajakubaliana. Halafu naining'iniza dramu kwa waya na kuigonga kwa nyundo ndogo. Ikitoa mlio mrefu ni nzima, mlio ukikatika palepale natafuta ufa.

Maji nayo yana yake. Madereva hurudi nyuma mpaka ziwa lifike kwenye rimu, ili mzigo uingie mtumbwini bila kubebwa mbali. Mchanga unaingia kwenye dramu, kutu inajificha kati ya chuma cha shuu na lainingi, inavimba, inainua lainingi mpaka inapasuka. Kwa hiyo tukivalisha shuu lainingi mpya kwa riveti, nataka chuma kikwanguliwe king'ae, kipakwe rangi, na vichwa vya riveti vizame vizuri. Fundi akikuletea shuu ambayo riveti unaigusa kwa kidole, usiipokee.

Silinda za gurudumu nazo ukubwa wake umo kwenye chuma: 7/8, 15/16, inchi 1. Kubwa inasukuma zaidi na kudai mafuta zaidi. Ukifunga tofauti kulia na kushoto, gari litavuta upande. Hozi za mpira zinaweza kuziba kwa ndani zikionekana nzima kwa nje, basi nazibadilisha zote pamoja. Mafuta ya DOT 3 yakiwa makavu hayachemki chini ya nyuzi 205, lakini yakishanyonya unyevu kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Kwa hewa yetu ya ziwani nachagua DOT 4, na kopo lililofunguliwa jana silitumii. Mafuta ya haidroliki hayaingii kabisa humu, yanavimbisha raba zote.

Kuna kifaa kimoja ambacho wengi hawakitaji. Land Cruiser nyingi zina vali juu ya eksili ya nyuma, yenye fimbo inayopima jinsi gari lilivyokaa. Gari likilala kwa mzigo, vali inaruhusu presha zaidi nyuma. Sasa mwenye gari anaongeza majani ya springi ili abebe zaidi, gari halilali tena, na vali inaamini halina kitu. Breki za mbele zinabaki na sehemu kubwa ya kazi. Wapo wanaoitoa na kuunganisha bomba moja kwa moja, kisha gari likiwa tupu kwenye tope magurudumu ya nyuma yanakaba na mkia unazunguka. Fimbo irekebishwe ilingane na springi mpya. Ni kazi ndogo, haihitaji spea yoyote.

Mzee mmoja aliniambia, "Fundi, mwanangu, mbona za bei nafuu zipo?" Nikamwambia, "Zipo, mzee. Ila wewe unashusha petroli, na juu ya mapipa umepakia watoto wa watu." Fedha ikiwa kidogo, naanza na raba, hozi na mafuta, kisha lainingi, kwa sababu pedi ya kifahari juu ya silinda inayovuja italowa na kuharibika wiki hiyohiyo.

Nikishafunga na kutoa upepo, tunatafuta barabara tambarare na kukanyaga taratibu, mara kwa mara, tukiziacha breki zipoe katikati, hadi lainingi na chuma vizoeane. Baada ya hapo dereva anapakia nusu ya mzigo, mimi nakaa pembeni yake, na tunashuka.