Mlima wa Fedha, Mlima wa Theluji



Wiki hii mtuvumilie, maana tafakari yetu inatoka mbali: mji wa Park City, katika milima ya Utah, nchini Marekani. Miaka michache iliyopita tulialikwa huko kwa siku tisa wakati wa theluji. Sisi tuliozaliwa Tukuyu tulidhani kwamba baridi tunaijua. Hatukuijua.

Wageni humiminika huko kuteleza juu ya theluji, wakiwa wamefungwa miguuni mbao nyembamba ndefu. Lakini mji wenyewe ulizaliwa na madini ya fedha, tangu mgodi wa Ontario ulipoanza mwaka 1872. Usiku wa tarehe 15 Julai 1902 baruti ililipuka ndani ya mgodi wa Daly West. Wanaume 34 walikufa, wengi wao wakiuawa na hewa ya sumu iliyopenya hadi mgodi wa jirani. Wamo waliokufa kwa sababu waliingia kuwaokoa wenzao.

Kuna jina moja ambalo Wakatoliki wa huko hawalisahau. John Judge alianza kama mchimbaji, akatajirika kwa fedha ya Park City, kisha akafa mwaka 1892 kwa ugonjwa wa mapafu ambao vumbi la mgodi huwapa wachimbaji. Ulikuwa umepita mwaka mmoja tu tangu Papa Leo wa Kumi na Tatu atoe waraka wake *Rerum Novarum* juu ya haki za wafanyakazi. Mjane wake, Mary Judge, alitoa mali ili ijengwe hospitali ya wachimbaji wagonjwa huko Salt Lake City. Baadaye ikageuzwa kuwa shule ya Kikatoliki, nayo ingali na jina la Judge.

Tulipoelezwa habari hizo tulimkumbuka babu yetu mzaa baba, aliyekwenda Afrika Kusini kuchimba dhahabu kabla ya Uhuru, akarudi na baiskeli moja na kikohozi. Baiskeli iliuzwa. Kikohozi alikwenda nacho kaburini, wala hapakuwa na mjane tajiri wa kumjengea hospitali.

Madini yalipokosa faida, Park City ulibaki karibu gofu. Ndipo kampuni ya migodi ikapata mkopo wa serikali, na Desemba 1963 ikafungua uwanja wa theluji mlimani. Kwa miaka michache watelezaji walipandishwa kwa njia ya ajabu: waliingia gizani kwa treni ya wachimbaji, karibu kilomita tano ndani ya mlima, kisha wakainuliwa kwa lifti ya mgodi hadi kwenye mwanga. Walilipa ili wapite kwa starehe pale wengine walipopita kwa kutafuta riziki. Hatuwalaumu, hata sisi tungelipanda.

Mgodi wa mwisho ulifungwa mwaka 1982, na sasa theluji ndiyo mgodi. Nyumba zimekuwa ghali mno, hata wengi wanaofanya kazi mjini hulala mabonde ya mbali. Mwishoni mwa Desemba 2024 waokoaji wa mlimani wapatao 200 waligoma karibu wiki mbili wakidai ujira bora. Tuliposoma habari hiyo huku nyumbani, tuliona aibu ya siri, nayo ndiyo sababu ya kuandika leo.

Katika siku zile tisa tulihubiri mara mbili juu ya heshima ya kazi, tukimtaja na Mtume Yakobo na vibarua wake waliodhulumiwa. Watu walitupa mkono. Asubuhi ya kuondoka tulikutana mlangoni na mama mmoja mwenye mashuka mikononi, akatuomba baraka kwa Kihispania. Ndiye aliyetutandikia kitanda siku zote hizo, akija kwa basi la alfajiri. Tulimbariki, tukamuuliza jina lake kwa mara ya kwanza, huku gari likitupigia honi.